Jina la Kwanza Kwenye Jiwe

Gari la kukodi liliingia uani Jumamosi asubuhi wakati Bríd Lavelle anakanda unga wa mkate wa magadi, na mikono yake ikasimama mle mle ndani ya bakuli. Alimjua mgeni kabla hajamwona. Una Padden, jirani wa chini ya barabara, mtu ambaye habari haziwezi kupita kijijini bila kwanza kupumzika kwake, alikuwa amempigia simu tangu Alhamisi. "Jiandae, mwenzangu. Kuna Mmarekani amefikia hoteli ya mjini, anazunguka akiulizia akina Lavelle. Anamtafuta Sabina." Bríd alirudisha mkono wa simu ukutani. Tangu saa ile kila gari lililopunguza mwendo lilimpeleka dirishani.

Afueni ilikuwa moja tu: Máirtín, mumewe, hakuwepo. Alimtoa nyumbani mapema kwa hila, akampa chupa ya chai na kopo la rangi nyeusi, akamwambia awahi makaburini kabla hakujajaa watu. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Makaburi, siku ambayo parokia nzima hutoka, kila ukoo ukasimama mbele ya kaburi lake, na Padri akapita katikati akinyunyiza maji ya baraka. Siku hiyo watu huja kuombea wafu na kukagua walio hai. Mwenye kaburi lenye magugu husemwa mpaka Krismasi.

Kila mwaka wiki hiyo Máirtín alipiga magoti mbele ya jiwe la kwao akarudishia herufi rangi kwa brashi nyembamba. Majina yalikuwa matatu. La chini lilikuwa la mama yake Honor, la katikati la baba yake Antaine, na la juu, lililochongwa kwanza, lilikuwa la dada yake: Sabina Lavelle, aliyefariki Uingereza mwaka 1950 akiwa na umri wa miaka ishirini na moja. Máirtín alikuwa na miaka themanini na miwili sasa, na moyo wake ulikwenda kwa msaada wa kifaa alichowekewa kifuani. Tangu utotoni hakuwahi kumaliza rozari ya jioni bila kumwombea dada huyo. Bríd, kando yake, aliitikia "Amina." Aliitikia miaka arobaini hali anajua fika kwamba Sabina hakufa Uingereza, wala hakufa mwaka ule.

Honor ndiye aliyemwambia, kitandani, siku chache kabla ya kukata roho. Sabina alipata mimba, wazee wakamsafirisha Amerika kabla tumbo halijaonekana, na wakatangaza kuwa kifua kikuu kimemmaliza. Kwa nini kifo, Bríd aliuliza, si wangesema tu amekwenda kutafuta maisha? Mama mkwe akamtazama kama mtu asiyejua kijiji alichoolewa. Binti aliyeko Amerika hutuma barua, alisema, na kifurushi cha Krismasi, na watu wote humwona tarishi akigeukia uani kwako. Asipotuma, wanauliza. Marehemu hakuna anayemuuliza. Kisha akamwapisha asimwambie Máirtín, kwa kuwa Máirtín angewachukia. Bríd akaapa. Baadaye alijiambia anangoja siku nzuri ya kusema, na siku nzuri haikuja.

Mlango ukagongwa.

"Samahani sana, mama," alisema mwanamke aliyekuwa nje, mtu wa makamo, mfupi, mwenye koti la mvua jipya kabisa na folda aliyoikumbatia kifuani. "Naitwa Denise. Nimetoka Springfield, Massachusetts. Natafuta watu wa bibi yangu, lakini sijui kama nimefika penyewe."

"Ingia ndani, mwanangu, mvua isikumalize," alisema Bríd, kwa sababu hata mtu aliyekuja kukuvunjia nyumba humwachi mvuani.

Alimpa kiti karibu na jiko, akamimina chai, na ndipo akaona amempa kikombe chenye ufa, kile cha Máirtín cha kila siku. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mgeni hakuona. Alikuwa amekwisha kufungua folda mezani, juu ya unga.

"Bibi yangu aliitwa Sabina Lavelle. Cheti chake cha ndoa kinasema baba yake ni Antaine, na kwao ni parokia hii. Nikafurahi, nikasema nimemaliza. Halafu nikaona mtandaoni picha ya kaburi lenu." Denise akatoa picha. "Sabina wa Antaine, amekufa elfu moja mia tisa hamsini. Sasa hapa ndipo ninapokwama, mama. Bibi yangu amefariki mwaka 2012. Nilikuwa nimemshika mkono."

Bríd alipangusa unga kandokando ya folda.

"Yule mama wa kituo cha kumbukumbu mjini kanieleza kuwa ninyi huku mnarithishana majina," Denise aliendelea. "Kila mtu humpa binti jina la mama yake. Kwa hiyo ndugu wawili wakiwa na mama Sabina, kila mmoja anaweza kuwa na binti Sabina. Ni kweli?"

Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa na mgeni mwenyewe. Bríd hakuwa na kazi ila kupita.

"Kweli tupu," alisema, na sauti yake ikatoka laini mpaka akajishangaa. "Akina Sabina walikuwa wamejaa, mwanangu, ungeita mmoja wakaitika sita. Ng'ambo ya ziwa kuna akina Lavelle wengine, na Antaine wao walikuwa naye. Wako watakuwa wale. Huyu wetu alikufa, maskini. Kifua."

Denise alifunga folda taratibu. Machozi yalimlengalenga, na Bríd akadhani ni ya kukata tamaa. "Nisamehe, mama. Nimekutonesha msiba wako kwa mambo yangu."

"Usijali," alisema Bríd, na akatamani ardhi ipasuke.

"Shida ni kwamba bibi hakusema lolote kuhusu kwao. Alisema kitu kimoja tu. Kwamba siku anaondoka, mdogo wake wa kiume alilikimbilia basi mpaka darajani, kiatu kimoja kimemvuka. Akimaliza kusema hivyo anainuka, anakwenda kuosha vyombo hata kama ni visafi." Denise alicheka kidogo, akajifuta pua. "Nitakwenda huko ng'ambo ya ziwa. Ila kwanza nipite hapo makaburini nimwombee huyu Sabina wenu. Ana jina la bibi yangu, itakuwa vibaya nikimpita hivihivi."

"Hakuna haja, mwanangu! Matope matupu kule."

"Ni njiani tu, mama. Asante kwa chai."

Na kabla Bríd hajapata uongo mwingine, gari lilikwisha kutoka uani, likakata kushoto, kuelekea kanisani.

*

Bríd alipompigia simu, Una Padden alikuja na gari lake ndani ya dakika chache, viatu vya ndani bado viko miguuni. Bríd alipanda mbele na mikono yake ya unga.

"Funga mkanda," alisema Una. "Ukifa njiani nitaambiwa nilikuua kwa udaku."

"Endesha, Una, kwa jina la Mungu."

"Naendesha. Kwani huyo Mmarekani anataka nini? Hawa wakija huwa wanalia kwenye kila ukuta uliobomoka, wanabeba kijiwe kimoja kwenye mkoba, wanaondoka. Mwache alie."

"Anakwenda kuongea na Máirtín."

Una alipunguza mwendo kwenye kona ya pili. Kisha akasema, macho barabarani, "Bado hajui?"

Bríd alimgeukia. "Hajui nini?"

"Bríd. Mimi na wewe tumezeeka. Mama yangu alisema mwaka uleule: mbona misa ya mazishi haikusomwa, mbona hakuna aliyekwenda Uingereza, mbona jiwe limechongwa upesi hivyo? Kila mtu alijua. Tulinyamaza kwa heshima yenu."

"Kila mtu?"

"Kila mtu asiyekuwa Máirtín."

Bríd alitazama unga uliokauka vidoleni. Miaka yote hiyo kila Jumapili ya Makaburi alisimama pale kichwa juu, ameshika rozari, akidhani anaficha. Kumbe alikuwa akitazamwa, yeye na mumewe anayepaka rangi, na watu wakimhurumia mumewe nyuma ya mgongo wake. Alihisi ameangaliwa uchi bila kujua.

"Endesha," alisema tena, ingawa tayari waliona lango.

*

Makaburi yalikuwa na watu wachache, wanawake wakipanda maua na mzee mmoja akikata nyasi. Máirtín alikuwa chini kwa magoti juu ya kipande cha zulia, brashi mkononi, na Denise amechuchumaa kando yake. Walikuwa wanacheka. Bríd alisimama nyuma ya kaburi la tatu na akathubutu kutumaini.

"Sabina gani aliyejua kuimba?" Máirtín alikuwa akisema. "Wetu alikuwa na sauti ya kunguru. Lakini hakuna aliyenipenda kama yeye, binti. Mama alikuwa mkali. Sabina ndiye aliyenilea."

"Bibi yangu naye hakujua kuimba," alisema Denise. "Na alimwita mwanawe wa kwanza jina lako. Martin. Baba yangu huyo."

"Jina zuri."

"Alisema ni la mdogo wake. Yule aliyekimbiza basi."

Brashi ikasimama. Alikuwa amefika katikati ya jina. Herufi za mwanzo ziling'aa, za mwisho zilikuwa bado kijivu.

"Basi lipi?" aliuliza Máirtín.

"Siku aliyoondoka. Alilikimbiza mpaka darajani na kiatu kimoja kikam..."

"Kikaanguka mtoni," alisema Máirtín. "Mama alinichapa kwa ajili ya kile kiatu. Vilikuwa vipya."

Denise alimtazama, akatazama jiwe, akamtazama tena. Mkono ulimpanda mdomoni. Hakuna aliyelazimika kumweleza lolote. Bríd aliona mambo yakijipanga usoni kwake, moja baada ya jingine.

"Alikufa lini?" aliuliza Máirtín. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya mbolea.

"Babu, mimi sikujua kwamba..."

"Lini, binti?"

"Mwaka 2012. Mwezi wa kumi na moja."

Máirtín aliweka brashi juu ya kopo, akailaza vizuri isidondoke. Ndipo alipogeuza kichwa akamwona mkewe amesimama na unga mikononi, anatweta. Hakuuliza amefikaje. Alimtazama kwa muda, na Bríd akajua kwamba uso wake mwenyewe umekwisha kumwaga mtama.

"Nani alikwambia?"

"Mama yako. Kabla hajafa. Aliniapisha, Máirtín. Alisema utawachukia."

"Mama alikufa mwaka sabini na tisa."

"Ndiyo."

"Simu tuliingiza mwaka themanini na nne," alisema Máirtín. "Iko ukutani ukumbini. Nalipia kila mwezi."

Denise alimshika kiwiko, akamwinua, na wakapita kati ya makaburi wakielekea gari la kukodi. Bríd aliachwa na kopo la rangi. Una akamwita kutoka langoni, mara ya kwanza kwa utani, mara ya pili kwa upole.

*

Jioni Denise alikula nao, kwa sababu Máirtín alimwambia akae, na Bríd akawapakulia. Máirtín aliuliza maswali bila kumtazama mkewe. Sabina alifanya kazi gani? Alishona mapazia kiwandani, kisha akawa na duka lake dogo. Alikuwa na watoto wangapi? Watatu, baba yangu ndiye mkubwa. Alipenda nini? Mbio za farasi kwenye redio, na kugombana na kasisi. Máirtín alicheka hapo, kisha akafunika macho kwa mkono, na wanawake wawili wakatazama sahani zao.

Kabla mgeni hajaondoka walisali. Máirtín aliongoza rozari kama kawaida, akawaombea baba na mama, akafika mahali pa Sabina, akanyamaza. Bríd alikuwa na "Amina" mdomoni na hakuwa na pa kuiweka. Kisha mumewe akafanya ishara ya msalaba, akainuka, na usiku huo akalala kwenye chumba cha watoto, watoto walioondoka kwenda Boston na Sydney na kupiga simu kila Jumapili.

*

Jumapili mvua ilikatika. Magari yalipanga msururu kutoka kanisani mpaka darajani, na watu waliingia makaburini na viti vyao vya kukunja, chupa za chai na makoti ya akiba. Kila mwaka Bríd na Máirtín walikuja na viti viwili. Mwaka huu pia vilikuwa viwili. Máirtín alivifungua mbele ya jiwe, akakaa kimoja, na cha pili akakipigapiga kwa mkono ili Denise aketi.

Bríd hakujua asimame wapi. Akienda kaburini, huenda akafukuzwa mbele ya parokia nzima. Asipokwenda, parokia nzima itaona hakwenda. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ukutani, wanaposimama wageni na wale ambao wafu wao wamezikwa kwingine. Macho yalimfuata. Mwanamke mmoja wa kwaya alimsalimia kwa kichwa, kisha akamnong'oneza mwenzake. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yake kusimama pale.

Padri Tierney, kijana aliyekuwa na miaka mitatu tu parokiani, alianza safari kati ya makaburi na ndoo ya maji ya baraka. Kipaza sauti kidogo kilikuwa kimebanwa kwenye ukosi wake ili sala zisikike mpaka barabarani. Alisoma, akanyunyiza, akasogea. Alipofika kwa akina Lavelle na kuinua mkono, Máirtín aliinuka kwenye kiti, akavua kofia yake, akaibandika juu ya jiwe na kuishikilia pale kwa kiganja. Ilifunika jina la juu.

"Mzee Máirtín?" Sauti ya Padri ilisikika makaburi mazima.

"Wanyunyizie hao wawili wa chini, Padri. Huyu hayumo."

"Tunaombea roho zote, mzee wangu, popote zilipo..."

"Mwombee. Lakini maji usimtie hapa. Dada yangu alizikwa Springfield, Massachusetts. Aliishi miaka themanini na mitatu. Huyu hapa ni mjukuu wake, na mjukuu wangu." Kipaza sauti kilibeba kila neno, mpaka kwa watu wa kwenye magari. "Baba na mama walimwandika mfu ili ninyi msiulize."

Una Padden, kwenye kaburi la wazazi wake, alitazama viatu. Wengi walitazama viatu. Bríd aliona kiganja cha mumewe kikianza kuteleza juu ya jiwe, na rangi ya midomo yake ikigeuka, na hofu ya siku tatu ikamtoka yote ikaacha hofu moja tu. Aliondoka ukutani. Hakujali nani anatazama. Alipita katikati ya koo zote, akafika, akaingiza bega lake chini ya mkono wa Máirtín, na mkono wake mwingine akauweka juu ya kofia, kando ya kile kiganja, ili isianguke.

Máirtín hakumtazama. Hakumsukuma pia. Uzito wake wote uliegemea begani kwake, na Padri akanyunyiza maji kwa chini, taratibu, akipita mbali na kofia.

*

Walirudi nyumbani wote watatu. Máirtín hakwenda jikoni. Alisimama ukumbini mbele ya simu, bado na koti.

"Alikuwa na simu?" aliuliza.

"Alikuwa nayo, babu," alisema Denise. "Ya nyumbani. Namba ileile tangu nikiwa mtoto."

"Nitajie."

"Ilikwisha kufungwa. Nyumba tuliiuza."

"Nitajie tu."

Denise aliitaja, na Máirtín akainua kidole kwenye vitufe, akakishusha. Macho yake hayakufika tena kwenye tarakimu ndogo kama zile. Akasogea pembeni kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na ukuta.

"Bríd," alisema. "Nipigie."

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu makaburini jana. Bríd alikuja, akabonyeza tarakimu moja baada ya moja kadiri Denise alivyozitaja, akampa mkono wa simu. Máirtín akauweka sikioni. Mbali sana kitu kilibofya, kisha sauti ya mwanamke ikaanza kusema kwamba namba hiyo haitumiki tena. Aliisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kichwa kimeinama, kama anayesikiliza mtu anayemfahamu. Sauti ilipokatika alimrudishia mkewe simu.

"Tena," alisema.

Bríd akaanza upya, tarakimu ya kwanza.